Mwenye Nyumba Naye Ana Lake

Mwanangu Neema,

Hadithi yako nimeisoma, na wadogo zako walipolala nikairudia. Unajua kuandika, mama. Pale konda wako anapoweka simu sikioni, hana hata salio, akijifanya anaongea ili mwenye nyumba ampite, nilimwona mzima mzima. Aibu yake hukuitaja popote, nami niliiona.

Kinachonisumbua ni huyo mama mwenye nyumba. Tangu anaingia ana macho makali na roho mbaya. Anadai kodi ya miezi 6, anatupa godoro nje, basi. Mtu wa namna hiyo hayupo, si Manzese wala kwingine. Huenda nyumba ameachiwa na marehemu mumewe na mashemeji wanaimezea mate. Huenda ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada. Msomaji si lazima aambiwe. Wewe ndiye lazima ujue, maana hayo ndiyo yatakayoamua anavyobisha hodi, na lipi linamponyoka alipokusudia kunyamaza.

Nimefundisha fasihi miaka mingi na najua jambo hili linakotoka. Tunawazoesha wanafunzi kuuliza hadithi inafunza nini kabla hawajauliza nani anataka nini. Mwandishi akianzia kwenye funzo, wahusika wake wanakuwa mashahidi waliofundishwa cha kusema.

Mtazame Kezilahabi, mtu wa huku kwetu ziwani, mzaliwa wa Ukerewe. Katika riwaya yake Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, Zakaria mlevi anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Kipigo kile hakiishii pale. Kinamfuata Rosa shuleni, kinamtia woga wa wavulana, na siku anapokuwa huru hajui auanzie wapi uhuru wenyewe. Jambo linazaa jambo. Riwaya hiyo iliwahi kuzuiwa shuleni, baadaye ikaja kufundishwa humo humo, nami ni mmoja wa walioifundisha. Wanafunzi wangu walibishana juu ya Zakaria mpaka kengele ikagonga. Juu ya mwenye nyumba wako hakuna atakayebishana, na hilo linaniuma kwa ajili yako.

Kwa hiyo kile kiharusi kinachompata katika aya ya mwisho, kifute. Hakikuzaliwa na chochote kilichotangulia. Umekileta kwa sababu ulitaka aadhibiwe.

Kurasa mbili za mwanzo, za jua na vumbi, ziondoe pia. Anza mlango unapobishwa. Na konda hasemi "ninaomba unilipe nauli yangu" kama anasoma taarifa ya habari! Sikiliza wanavyosema kwenye daladala zenu, ila usijaze misimu ya mtaani kila mstari. Neno moja likikaa mahali pake linatosha kumtambulisha mtu.

Najua kuandika upya kunachosha kuliko kuandika, tena unapotoka kazini na foleni zile. Usiniletee haraka. Baba yako anakusalimu, naye anaisubiri.

Kabla hujaanza rasimu nyingine nijibu hili, hata kwa ujumbe mfupi: godoro lilipokuwa linatolewa nje majirani wakitazama, huyo mama alikuwa amesimama wapi, na mikono yake ilikuwa inafanya nini?

Mama yako
Mwanza