Usiuzibe Ufa Kabla Hatujaupima

Kila mwaka mvua za kwanza zikikaribia, Novemba kuelekea Desemba, simu zinazoingia ofisini kwetu hapa Mbeya hufanana: "Fundi, ule ufa umerudi." Umerudi, maana yake ulishazibwa. Mteja alikwangua, akapiga lipu, akapaka rangi, akalipa, na sasa mstari ule ule unachungulia pale pale juu ya dirisha, unapanda kuelekea kwenye kenchi.

Makala hii tunamwandikia mteja huyo. Ukiona ufa, usianze na lipu. Anza na kipimo, na kipimo hicho kirudiwe kwa miezi. Ufa ukiangaliwa siku moja hausemi mengi. Hali ya jengo tunaijua kwa mwendo wa ufa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Ubaruku, wilayani Mbarali, tulipomwambia hivyo alitujibu kwa methali: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tulimwelewa. Nyumba ile aliijenga kwa kiinua mgongo chake, na ufa ule alikwisha uziba mara tatu. Tukamwomba atupe miezi sita. Agosti tukabandika vipande viwili vya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kimoja kila upande wa ufa, vikapishana katikati. Cha chini kina miraba ya milimita, cha juu kina msalaba mwekundu. Ukuta ukisogea, msalaba unahama juu ya miraba, na yeyote anayejua kusoma rula anaweza kuusoma. Ncha mbili za ufa tukaziwekea alama ya penseli, na tarehe pembeni. Mwalimu tukamwachia daftari: kila baada ya wiki mbili, Jumamosi saa moja asubuhi, aandike namba anayoiona.

Agosti ufa ulikuwa na milimita 2. Ukapanuka taratibu, mwisho wa Novemba ukafika 3 na nusu, ardhi ikiwa imekauka kabisa. Mvua ziliposhika ukaanza kufumba, na Februari ukasomeka 2 na kidogo. Hapo tukajua tunashughulika na nini. Udongo mweusi wa bonde la Usangu, ule ule unaoupenda mpunga, hunywa maji ukavimba, kisha kiangazi husinyaa hadi ardhi ikapasuka. Nyumba iliyokaa juu yake hupanda na kushuka nao. Lipu iliyopigwa masika ilikuwa inakatwa kiangazi, kila mwaka, hata ingepigwa na fundi bora kuliko wote.

Kuna aliyemshauri mwalimu achimbue msingi upande mzima aumwage upya. Hakuhitaji. Aliweka michirizi ya bati, maji ya bafuni yakapelekwa mbali na ukuta, na tukamwagia jamvi la zege kuizunguka nyumba ili udongo wa chini usikauke na kulowa kwa kiasi kikubwa kila msimu. Ndipo ufa ukazibwa, kwa gundi inayovutika badala ya saruji kavu.

Mwaka huo huo tulikuwa tunafuatilia ufa mwingine, kwenye ghorofa ya biashara mjini. Kwa macho ulikuwa mdogo kuliko wa mwalimu, haujafika hata milimita 2. Lakini haukufumba hata mara moja. Mvua inyeshe, jua liwake, kila mwezi uliongezeka kidogo, na daima kwa upande mmoja. Bomba lililopasuka chini ya sakafu lilikuwa linalowesha udongo chini ya nguzo moja, na nguzo ilikuwa inashuka. Tulishauri wapangaji wa upande ule watoke na nguzo itegemezwe kabla ya kazi nyingine yoyote. Mwenye jengo alisita, kodi ikamuuma, lakini alisikia, na tunamshukuru hadi leo.

Ndiyo maana mteja akituuliza kwa simu "ufa wangu una upana huu, ni hatari?" hatukimbilii kujibu. Wapimaji wa Uingereza wana madaraja yao: ufa wa hadi milimita 5 katika nyumba ya kawaida huhesabiwa zaidi kuwa kasoro ya mwonekano, na ukipita 15 ni matengenezo makubwa. Ni mwongozo mzuri, tunautumia. Lakini kwa madaraja hayo ufa wa ile ghorofa ungeitwa wa mwonekano tu.

Kazi hii ina wataalamu wake waliotutangulia. Mwaka 1993 mtafiti Anders Rytter wa Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, aliipanga kwa maswali manne yanayofuatana: je, jengo limedhurika? Limedhurika wapi? Kwa kiasi gani? Limebakiza uhai kiasi gani? Kila swali ni gumu kuliko lililolitangulia. Vipande vya plastiki vinajibu la kwanza, na vikibandikwa vingi vinasaidia la pili. Kwa la tatu huwa tunachimba kando ya msingi na kupima zege. La nne tunalijibu kwa tahadhari kubwa, na tungependa mteja amwogope kidogo fundi anayelijibu harakaharaka.

Kwa maghorofa na madaraja madogo ya mashambani tunatumia pia kipima mtikisiko. Umewahi kununua chungu cha Wakisi gulioni Matema? Unakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti iliyofifia, hata kama ufa wenyewe huuoni. Sakafu ya ghorofa nayo ina mlio wake, ila uko chini mno kwa sikio, kwa hiyo tunaweka kifaa juu ya zege kiusome. Zege likidhoofika, mlio unashuka, ila unashuka kwa uchoyo: ukakamavu wake, yaani uwezo wa kutopinda, ukipungua kwa asilimia 19, mlio hushuka kwa asilimia 10 tu.

Na baridi nayo huuchezea mlio huo. Uswisi kulikuwa na daraja lililoitwa Z24, lililosubiri kubomolewa. Kwa karibu mwaka mzima, 1997 hadi 1998, watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, walilipima, kisha wakaliharibu makusudi hatua kwa hatua, hata kuishusha nguzo yake moja kidogo kidogo. Siku za barafu lami iliganda ikawa ngumu, mlio wa daraja ukapanda, kiasi kwamba baridi peke yake iliweza kuuficha uharibifu. Wateja wetu wa Makete na Njombe, mnaoamkia umande ulioganda Juni na Julai, hili linawahusu moja kwa moja. Ukuta wa saa moja asubuhi na ukuta huo huo saa nane mchana haviko sawa. Soma saa ile ile kila mara, kabla jua halijaupiga ukuta, na uandike pia hali ya hewa.

Huduma tunayoisisitiza zaidi ni kuweka rekodi ya jengo ambalo bado zima. Tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilipiga eneo la Rukwa, na mitetemo midogo tunaisikia mara kwa mara. Baada ya mtikisiko kila mtu hukagua kuta zake na kuona nyufa, asijue ipi ni mpya na ipi ilikuwepo tangu mwaka juzi. Mwenye rekodi anafungua daftari na kulinganisha.

Kuja kuangalia mara ya kwanza ndani ya jiji hatutozi. Kwa wa mbali, anza leo mwenyewe: penseli kwenye ncha za ufa, tarehe, picha yenye rula pembeni. Ila mlango ulioanza kukwama ghafla, kutu inayovuja kando ya nondo kwenye boriti, au ufa uliokua mbele ya macho yako ndani ya siku chache, hayo hayasubiri wiki mbili. Toa watu nje kwanza, kisha piga simu, hata kama ni usiku.