Tatizo si Freddy, ni mtafsiri

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa hapa Mbeya anayetaka filamu za kutisha zipigwe marufuku kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, eti vijana wanatoka humo wakiamini mashetani. Nusu nakubaliana naye. Mtoto wa shule hana kazi kibandani saa tatu usiku, na madaraja ya umri ya Bodi ya Filamu hayakuwekwa kama mapambo. Ila filamu aliyoitolea mfano, ile ya mwaka 1994 ya Freddy Krueger, muuaji wa ndotoni, iitwayo "Wes Craven's New Nightmare", ameionea.

Mimi pia niliitazama kibandani Mwanjelwa, tena iliyotafsiriwa. Mtafsiri alianza kwa kutuapia kuwa ni tukio la kweli. Heather, mhusika mkuu, akamwita "sista mjane" mwanzo hadi mwisho, na Wes Craven, mwongozaji mwenyewe, akamgeuza mganga! Watu walicheka, lakini filamu ilifia hapo.

Maana utamu wote uko kwenye majina. Heather Langenkamp anaigiza kama Heather Langenkamp, mwigizaji yule yule aliyepambana na Freddy katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1984, akiigiza kama Nancy. Robert Englund, anayemwigiza Freddy, anaonekana pia kwa sura yake halisi. Craven naye yuko nyumbani kwake akiandika filamu mpya. Heather anaenda kuongea naye, na maneno waliyotoka kuyasema yako tayari kwenye skrini ya kompyuta. Usipojua kuwa hawa ni watu wa kweli, unabaki kumtazama mama anayekimbizwa na jitu lenye visu vidoleni.

Hata tetemeko la mle ndani lina kisa chake. Walishamaliza kuliigiza, Los Angeles ikatikisika kweli tarehe 17 Januari 1994, nao wakatoka na kamera kupiga picha za mabomoko halisi. Sisi wa Bonde la Ufa, ambao vyombo vikigongana kabatini usiku tunajiuliza kama ni tetemeko au lori la Tunduma, hapo ndipo tungesisimka zaidi. Mtafsiri alisema tu, "Shetani katikisa nyumba."

Bibi zetu walituletea mazimwi makali kuliko Freddy, lakini walitanguliza "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," mtoto akajua anaingia wapi. Craven aliuondoa mlango huo makusudi, akijua watazamaji wake wanawafahamu waigizaji. Kwetu hatuwafahamu, na mtafsiri anatuongezea kiapo.

Halafu kuhusu marufuku: ndani ya filamu hiyo hiyo Craven anaeleza kuwa uovu hukaa kifungoni mradi hadithi yake inasimuliwa, na hutoroka hadithi ikikoma. Sisemi Freddy atahamia Mafiati tukifunga vibanda. Ninachoomba ni kidogo: wenye vibanda wabandike umri mlangoni na wausimamie, na mtafsiri atumie dakika mbili za mwanzo kututajia nani ni nani, kama mtangazaji wa mpira anavyosoma kikosi kabla ya filimbi.

Mzazi na mpenzi wa filamu,
Soweto, Mbeya