Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti: kabla ya kukagua deikea, mfundishe anayeshika mwiko

Kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia elimu ya chekechea na malezi ya watoto, Kisumu

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Manyatta. Najua mezani pako kuna mafaili mengi, kwa hiyo naanza na ombi lenyewe. Naomba kaunti iwafunze wapishi na walezi wa deikea, yaani vituo vya kulea watoto mchana, kupanga chakula cha watoto wadogo. Iwafunze jikoni mwao, kwa lugha wanayoisema, na iwafunze kabla ya kuwawekea kanuni zitakazowafungia milango. Kazi hii ni yako kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vituo vya malezi ya watoto katika kifungu kimoja. Chekechea inajulikana, ina walimu na madarasa. Deikea ndizo zinazolea watoto wa mama mboga wa Kibuye na wachuuzi wa samaki wa Dunga kuanzia alfajiri hadi magharibi, na wengi wa watoto hao hula huko kuliko wanavyokula kwao.

Mimi ni mpishi, na kwa miaka sasa nimekuwa nikiwafunza wapishi wenzangu. Mpishi wa deikea akiulizwa karatasi, huulizwa cheti cha afya, kile cha kupimwa kila miezi sita. Ni jambo la busara na sitaki liondolewe. Lakini cheti hicho kinathibitisha kwamba mpishi hataambukiza watu homa ya matumbo. Hakisemi lolote kuhusu anachopakua. Mwenye cheti safi kabisa anaweza kumpa mtoto wa mwaka mmoja chai ya rangi na mkate asubuhi, ugali na mchuzi wa sukuma mchana, uji mwepesi jioni, na asiwepo wa kumwambia kosa liko wapi. Mtoto atalala ameshiba na mama atamkuta mchangamfu. Upungufu wa damu hauonekani jioni ya siku moja.

Ziko deikea zenye menyu. Imechapwa vizuri, imebandikwa karibu na mlango mahali mgeni atakapoiona: Jumatatu nyama, Jumanne mayai, Jumatano samaki na matunda. Mara nyingi iliandikwa na mtu aliyekuja na mradi, na mradi ukaisha. Ukifunua sufuria Jumatano unakuta maharagwe, au hata hayo hayapo. Simlaumu mlezi. Yeye hulipwa ada ya siku jioni, mama mtoto akishauza, na siku mvua inaponyesha sokoni hakuna aliyeuza. Menyu ambayo mwandishi wake hakuuliza Alhamisi pesa zikiisha itakuwaje ni pambo la ukuta. Ndiyo maana nasema somo la kwanza lisiwe menyu. Liwe kubadilisha: hiki kikikosekana, kipi kinashika nafasi yake, na kipi hakiwezi kabisa.

Kipimo cha kufundishia kipo tayari, na si kigumu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF hugawa chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi manane: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi za kupika; maharagwe, karanga na mbegu; maziwa ya mifugo; nyama na samaki; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi; na mboga na matunda mengineyo. Mtoto apate angalau matano kwa siku. Mpe mpishi wa Nyalenda makundi haya badala ya majina ya vyakula, uone atakavyoanza kuhesabu mwenyewe. Ataona kwamba ugali, wali na chapati ni kundi moja hata vikijaza sahani tatu, na kwamba kijiko cha omena (dagaa wa Ziwa Victoria) ya unga juu ya mboga kimemwongezea kundi zima kwa pesa kidogo.

Niruhusu nikae kwenye omena kidogo, maana hapa ndipo Kisumu ina utajiri ambao miji mingine haina. Samaki huyu huliwa mzima, mifupa na yote, ndiyo sababu ana kalsiamu nyingi pamoja na protini na madini ya chuma. Lakini mtoto wa miezi tisa hawezi kutafuna omena nzima. Ichambuliwe, ioshwe mchanga, ikaushwe kwenye kikaango, itwangwe na kuchekechwa. Na mpishi ainunue ikiwa nzima. Omena iliyokwisha kusagwa huficha mchanga na uozo, na sehemu kubwa ya omena inayouzwa katika masoko yetu ilikusudiwa chakula cha kuku. Halafu kuna kalenda: kila mwaka kati ya Aprili na Julai uvuvi wa omena hufungwa ziwani, na bei hupanda. Mpishi aliyefundishwa kubadilisha atajiwekea akiba kavu Machi, au atageukia mayai, au atakwenda mtaa wa Obunga kununua mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta iliyokwisha kutolewa minofu, na kuchambua nyama iliyobaki kwenye mifupa, mchuzi ukiwa nyongeza tu. Aliyekariri menyu ataandika samaki Jumatano kama kawaida na kupika sukuma.

Mboga nazo tunazo. Osuga (mnavu), dek (mgagani), kunde, na apoth (mlenda) ambayo mtoto huimeza bila vita. Zipikwe kwa mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A haifyonzwi vizuri pasipo mafuta, na zisichemshwe hadi maji yageuke kijani kisha yamwagwe. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vinavyolimwa kuanzia Homa Bay hadi Busia na Bungoma, ni zawadi ambayo deikea nyingi haziitumii: kiazi cha gramu 125 hivi kinaweza kumtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Hakihitaji sukari wala maziwa, na hupondwa kwa uma.

Chai ndiyo vita yangu ya kila siku. Tanini zilizo ndani yake huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga, na mtoto wa ukanda wa ziwa, ambako malaria haituachi, hana damu ya kupoteza. Ndimu au chungwa kando ya maharagwe hufanya kazi kinyume na chai. Wapishi huelewa jambo hili haraka kuliko tunavyodhani. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuketi nao akawaeleza sababu. Waliambiwa tu "msiwape watoto chai", na katazo lisilo na sababu halivuki wiki.

Uji unahitaji alasiri yake peke yake. Tumbo la mtoto mdogo hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo nane amejaa kwa kikombe kimoja, na ikiwa kikombe hicho ni uji unaomiminika kama maji, amejazwa maji. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Ukizidi uzito, unga kidogo wa kimea huulainisha bila kuupunguzia nguvu. Na hapa nitawaudhi wafanyabiashara wa unga wa lishe: ule mchanganyiko wa mtama, wimbi, mahindi, soya, karanga na omena, vyote vikasagwa pamoja na kukaa dukani kwa miezi, sio uji bora. Karanga zilizosagwa huchacha upesi, soya isiyokaangwa vizuri humtaabisha mtoto tumboni, na kimoja kikiwa na ukungu vyote vimeharibika. Bora unga wa nafaka moja au mbili, kisha karanga, maziwa au yai viongezwe wakati wa kupika. Sumu ya ukungu haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa nchi yetu kupitia mahindi, kwa hiyo kuchambua gorogoro ya mahindi kabla ya kuipeleka kwenye mashine ya posho si kazi ya kupitishia wakati. Mpishi ajue pia kwamba tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe vitamini na madini, na kwamba unga wa posho hauna nyongeza hiyo, ingawa pumba zake zina faida yake.

Kuna mengine ya kupitia kwa haraka: hakuna asali kabla ya mwaka mmoja, hakuna karanga nzima kwa wadogo, maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanahifadhiwaje, mtoto mgonjwa analishwaje. Saa moja inatosha kwa hayo yote.

Kwa nini uanze na deikea wakati chekechea nazo zinasubiri? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Ni nafuu kutoka 26 ya mwaka 2014, lakini kudumaa huanza mapema, na miaka miwili ya kwanza ndiyo huamua mengi. Nairobi ilianzisha mpango wa chakula shuleni wa Dishi na County mwaka 2023, mzazi akilipa shilingi tano kwa mlo, na naipongeza. Ila mpango ule ni wa chekechea na shule za msingi za umma. Jiko kubwa la kati halimfikii mtoto wa miezi kumi anayetaka chakula kilichopondwa, mara nne kwa siku, kutoka kwenye mkono anaoujua.

Wenzetu wa Marekani wana programu ya shirikisho inayolipia chakula cha watoto walio katika vituo vya malezi na katika nyumba za walezi. Kituo hulipwa kwa mlo uliotimiza kanuni. Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, chakula cha mchana kina maziwa, nyama au mbadala wake, mboga, tunda na nafaka. Kanuni zilikazwa kuanzia Oktoba 2017: juisi haihesabiwi zaidi ya mara moja kwa siku, angalau nafaka moja kila siku iwe isiyokobolewa, na keki na donati zikaacha kuhesabiwa kama nafaka (mandazi yetu, nadhani, yangeingia kundi hilohilo). Hatuna fedha zao na sitaki vipimo vyao vya kikombe. Ninachotamani ni mpangilio: mfanyakazi hufunzwa kabla hajaanza, hufunzwa tena kila mwaka, na anayeleta kanuni ndiye anayeleta mafunzo. Sisi tuna desturi ya kuleta kanuni kwanza, na faini ikitangulia.

Kuhusu namna ya kufundisha, naomba tusirudi kwenye mafunzo ya hoteli. Unayajua: chai ya saa nne, mada tano, picha ya pamoja, bahasha ya nauli. Na anayehudhuria ni mwenye deikea, huku anayepika amebaki na watoto. Watoto wengi hulala kati ya saa saba na nusu na saa tisa alasiri. Wapishi wa mtaa mmoja wakutane saa hizo katika deikea mojawapo, kwa Kiswahili na Dholuo, na sufuria iwe jikoni kweli, na viungo viwe vimenunuliwa Kibuye asubuhi hiyo kwa pesa zilezile wanazokuwa nazo. Kila kikao mpishi apangiwe upungufu: leo hakuna mayai, leo maziwa yamepanda, pangeni. Wahamasishaji wa afya ya jamii waalikwe, waonyeshe namna ya kupima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi, maana ukisoma chini ya sentimita 12.5 hapo si suala la menyu tena, ni zahanati.

Afisa atakayekagua akae darasa lilelile. Akifika kituoni afunue sufuria, amwulize mpishi makundi ya siku hiyo na alichobadilisha. Kituo kikipungukiwa mara ya kwanza, kipewe mafunzo kabla ya notisi. Maji machafu ni habari nyingine. Hapo funga, sitamtetea yeyote. Lakini ukifunga deikea kwa sababu ya sahani yenye makundi matatu, watoto wale hawaendi kwenye deikea bora. Wanabaki nyumbani na dada yao wa miaka saba, na dada hatakwenda shule.

Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mstari mmoja unatosha kuanzia: mafunzo ya wapishi wa deikea, kila wadi, kila mwaka, na awamu moja ifanyike Februari au Machi kabla omena haijafungwa. Mwenzako wa Afya ana wataalamu wa lishe katika hospitali za kaunti ndogo. Ukiwaomba alasiri mbili kwa wiki, gharama kubwa itakayobaki ni viungo vya sufuria. Jiko langu la Manyatta lipo wazi kwa kundi la kwanza, na sihitaji bahasha ya nauli.

Wako,
Mpishi na mkufunzi wa wapishi wa deikea,
Manyatta, Kisumu