Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: kabla ya geti, tulindie njia za miguu za Newala

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Newala, huku juu ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, kuhusu jambo ambalo huenda halijawahi kufika mezani kwako, maana halina mkandarasi, halina jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Ni njia za miguu. Zile zinazoanzia nyuma ya nyumba za watu, zinapita katikati ya mikorosho, kisha zinateremka kwenye msitu hadi bondeni.

Najua kwamba habari kubwa ya huku ni lami. Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 210, tumeililia tangu wazee wetu wakiwa vijana, na ikikamilika yatapanda magari ambayo hayajawahi kufika huku. Wageni watakuja. Wengine wameshaanza: Jumapili utawakuta Shimo la Mungu, wamesimama ukingoni, bonde la Ruvuma limetanda chini yao na ng'ambo ni Msumbiji. Wanapiga picha, wanakunywa soda, wanapanda gari. Halali mtu Newala, hali mtu Newala, na mama anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kando ya barabara anabaki kutimuliwa vumbi.

Kila utalii wa huku unapotajwa nasikia geti, nasikia mgahawa, nasikia bustani ya kupumzikia yenye viti vya saruji. Sina ugomvi na viti. Ila mgeni hakai siku mbili mahali kwa ajili ya kiti. Anakaa kwa sababu kesho asubuhi ana pa kwenda, na pa kwenda tunapo. Ombi langu ni kwamba njia zitangulie, zipimwe, ziandikwe na ziwekwe alama, ndipo hayo mengine yafuate kama fedha zipo.

Njia hizi hazikuchorwa kwa ajili ya watalii. Huku juu hatuna mto wala kijito, mvua ikinyesha inazama kwenye kichanga. Kabla mradi wa maji wa Makonde haujaanza kuyapandisha maji kwa pampu, bibi zetu walikuwa wakishuka mteremko na kupanda na maji kichwani. Ndiyo maana njia za zamani zimekaa vizuri. Zinaukata mteremko kwa kona, hazikimbilii bondeni moja kwa moja, na penye kona ngumu pana kivuli cha kutulia. Mhandisi wake alikuwa mwanamke mwenye mtungi.

Na si Newala peke yake. Mwaka 1876 watu waliokombolewa utumwani walitembea na Askofu Edward Steere kutoka Lindi hadi Masasi, wakaanzisha makazi penye vile vilima vya mawe. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, alifika Newala akitokea Lindi kwa njia ya Masasi, na msururu wa wapagazi. Jirani zetu wa Lindi nao wanajua mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya Tendaguru ilivyofika pwani kati ya 1909 na 1913: ilifika vichwani mwa watu.

Chukua njia moja tu uitazame. Inaanzia mashambani. Matawi ya mikorosho ya zamani yamelala hadi chini, unapita umeinama kama mtu anayeingia banda la kuku. Majani makavu yanalia chini ya viatu. Msimu wa mabibo harufu inakupata kabla hujayaona, utamu ulioanza kuchacha, na nyuki wako kazini. Ghafla mikorosho inakatika, uwanda nao unakatika, na unaingia msituni. Hewa inapoa. Mizizi ndiyo ngazi. Hapo uko kwenye hifadhi za misitu ya mteremko wa Makonde, zilizo mikononi mwa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na mwanya wa majani ukifunguka unaliona bonde lote.

Njia kama hiyo inakufa hivi. Mtu ananunua shamba, anapanda safu za miche ya mikorosho juu ya njia, na kosa si lake: aliyemuuzia hakumwambia, na karatasi aliyopewa haionyeshi njia yoyote. Wapita njia wanazunguka, wanakanyaga mihogo ya jirani, jirani naye anaweka miiba. Mikorosho ikishakomaa, njia inabaki vichwani mwa wazee. Halafu siku ya kupima mashamba kwa ajili ya hati za kimila, kama hakuna aliyeitaja, basi imezikwa kisheria, na kuifukua baadaye ni fidia na kesi.

Waliotutangulia kwa jambo hili hawakuanza na geti. Mashariki mwa Ufaransa, katika Alsace, mashamba ya mizabibu yamekaa kwenye vilima vya chini vya milima ya Vosges, na yanapoishia ndipo msitu unapoanza. Ni mpangilio wetu uliopinduliwa: kwao shamba liko chini na msitu unapanda, kwetu shamba liko juu na msitu unashuka. Mwaka 1872, eneo hilo likiwa chini ya Ujerumani, ilianzishwa katika mji wa Saverne jumuiya iitwayo Club Vosgien, kazi yake kutafuta njia, kuzisafisha na kuzipaka alama. Hadi leo wapakaji ni watu wa kujitolea, na njia zenye alama zao zimevuka kilomita 15,000. Alama zenyewe ni maumbo na rangi tu: mstatili mwekundu, duara la njano, msalaba wa bluu. Mgeni anaifuata moja kutoka kijijini, anapita mizabibuni, anapanda msituni hadi kwenye magofu ya ngome za kale, jioni anarudi kulala kijijini na kunywa mvinyo wa mashamba aliyoyapita. Barabara ya magari ya kutangaza mvinyo wao ilizinduliwa 1953, njia za miguu zikiwa na miaka zaidi ya 80. Sisi tunaanza na barabara. Si vibaya, ila tusiishie hapo.

Utasema wale wana zabibu, na za kwetu ziko Dodoma. Kweli. Lakini mkulima wa Alsace na wa Newala wangeelewana bila mkalimani wakiitaja salfa. Mzabibu unapigwa na ubwiri unga, mkorosho nao unapigwa na ubwiri unga, na kote wakulima hupulizia salfa. Nalileta hili kwa sababu hapa ndipo mipango ya utalii inapomsahau mwenye shamba.

Mikorosho inapoanza kuchanua, kuanzia Juni hivi, mashine zinanguruma tangu alfajiri, upepo ukiwa umelala na majani yana umande, ili vumbi la salfa lishike. Linaelea la njano kati ya miti, macho yanawasha, koo linakwaruza, na nguo utakayovaa siku hiyo usiivae kwenda sokoni. Asubuhi hiyo mgeni hana kazi shambani.

Kisha kuanzia Oktoba korosho zinadondoka. Korosho haichumwi, inaokotwa. Mkulima amekwishafagia chini ya kila mti, na ile iliyolala pale ni ada ya mtoto na bati la nyumba, bila ukuta wala mlinzi, huku wanunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, wakizunguka na mizani zao kuwania chochote kisichofika AMCOS, chama chetu cha ushirika. Umpitishe hapo mgeni mwenye begi mgongoni mwezi wa Novemba! Mkulima akimfukuza atakuwa na haki. Alsace nako zipo njia za mizabibuni zinazofungwa wakati wa mavuno. Basi na sisi kila kijiji kijipangie: lini njia ya mashambani iko wazi, lini imefungwa, na saa ngapi mtu apite msimu wa salfa. Masika nayo mteremko unateleza, isifichwe. Mei, mvua zikiisha na kabla ya salfa, ni mwezi mzuri mno huku juu, na sioni kwa nini tusianze na mwezi mmoja mzuri.

Liko suala la usalama, na wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya mkoa, kwa hiyo sitalizunguka. Tunaikumbuka Kitaya, kijiji cha mpakani kilichoshambuliwa na wapiganaji kutoka Msumbiji Oktoba 2020. Sipendekezi mtu atembezwe hadi mto Ruvuma. Njia ziishie chini ya mteremko, mgeni aandikishwe ofisi ya kijiji kabla ya kushuka na aongozwe na mwenyeji. Isitoshe, njia inayopitwa na watu wanaojulikana ni rahisi kulinda kuliko pori lisilo na macho.

Sheria hazihitaji kutungwa. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji ipo chini ya Sheria Na. 6 ya 2007, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi yake. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inaruhusu vijiji na mwenye hifadhi kuingia mkataba wa kuusimamia msitu kwa pamoja. Kinachokosekana ni agizo. Waagize wakurugenzi wa halmashauri zetu mbili, ya Mji na ya Wilaya, kwamba timu ya kupima isifunge ramani ya kijiji au mtaa wowote wa ukingoni kabla wazee hawajaitembeza kwenye njia za zamani. Waombe TFS wakae na vijiji vya mteremko wakubaliane nani anasafisha nini. Na mwenye shamba aulizwe kabla ya rangi kugusa mkorosho wake. Akikataa, alama iwekwe kwenye kiguzo kifupi cha saruji. Za mbao mchwa watazila kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Kuhusu fedha, nitasema kidogo kwa kuwa hapo ndipo mambo mengi huharibikia. Ada ya mgeni ikatiwe risiti kijijini, na mgawo wake usomwe kwenye mkutano mkuu pamoja na mapato mengine: kiasi gani kimebaki kijijini, kiasi gani kimekwenda halmashauri, na mwenye shamba linalopitwa amepata nini. Asipopata kitu, miiba itarudi.

Tuko wachache huku ambao tumeshazungumza na wazee, na tunaweza kuanza na njia moja, ile iliyo karibu zaidi na Shimo la Mungu, kwa mapanga na rangi zetu wenyewe. Tunachohitaji kutoka ofisini kwako ni barua kwa wakurugenzi kabla ya Mei, na mpimaji mmoja kwa siku chache.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Newala