Taarifa ya Mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Bukoba

Bwana Yesu asifiwe, akina mama.

Hesabu atawasomea mweka hazina, na mahudhurio anayo katibu. Mkesha tumefanya, wagonjwa tumewaona, mnada wa sikukuu ya mavuno ulichangamka hadi mkungu mmoja wa ndizi ukanunuliwa na kurudishwa mnadani mara kadhaa. Kwa hayo tumshukuru Mungu. Mimi nitasema zaidi juu ya mambo yasiyoingia kwenye daftari.

Tulipokuwa tunasoma Waraka wa Yakobo, mwenzetu mmoja aliuliza: huyu dada wa kazi tunayemwacha nyumbani na watoto na vyombo ili sisi tuje kusali, yeye anasali lini? Hakuna aliyejibu. Juma lililofuata tulilirudia swali hilo, na tukajikuta tumehama kutoka ibada hadi mshahara.

Wapo kati yetu wanaolipa kila mwisho wa mwezi, na niwapongeze. Wapo pia wanaosema “namtunzia fedha zake,” na binti akitaka kwenda kwao, anapewa nauli na vitenge viwili, mambo yameisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuyaacha nje majiko yetu. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Kila wiki apumzike saa 24 mfululizo, na kwa mwaka apate likizo ya siku 28 yenye malipo. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, hata kama shangazi yake ndiye aliyemleta kutoka kijijini. Yakobo naye anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na kwamba Bwana wa majeshi anazisikia.

Tulibishana sana. Hoja iliyojitokeza mara nyingi ni kwamba “huyu kwangu ni kama mwanangu.” Ni neno zuri, lakini mimi nauliza: kama ni mwanao, yuko darasa la ngapi? Anakula nanyi mezani, au anasubiri mmalize?

Sisi wa huku hatuhitaji kutafuta mifano mbali. Uamsho uliowaka Uganda na Gahini, Rwanda, ulifika kwetu mwishoni mwa miaka ya 1930. Bibi zetu waliuita kutembea nuruni. Aliyeokoka alirudisha alichoiba, alimwendea jirani aliyemsengenya na kumwambia uso kwa uso, na mume aliungama kwa mke wake. Walikuwa na ukali wao pia, hasa wa kuhukumiana mavazi, na huo sitaki turudie. Ila naona sisi tumerithi Tukutendereza, wimbo wao wa uamsho, tunauimba kwa sauti zote nne, na kule kurudisha tumewaachia marehemu.

Kwenye kikoba hali ni nafuu kidogo. Mmoja alimdhamini mwenzake, mkopo ukalala, mdhamini akalipa. Kwa miezi kadhaa hawakuweza hata kukaa benchi moja. Wazee wa kanisa waliwakalisha chini kabla ya Meza ya Bwana, kwa lile neno la Mathayo 5 la kuiacha sadaka madhabahuni na kupatana kwanza. Deni bado linalipwa kidogo kidogo. Salamu zimerudi.

La wajane linaniuma. Mwaka 1990, Mahakama Kuu pale Mwanza iliamua, katika shauri lililotoka Muleba, kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza kama mwanamume. Jaji alikuwa Mwalusanya. Miaka yote hii imepita, na bado mjane akitoka matangani anahesabiwa migomba. Tumezoea kuwalaumu mashemeji. Lakini vikao vya ukoo vina mawifi pia, na mawifi hao baadhi wamo humu, na kitenge cha Umoja wamevaa. Mwaka huu tulimsindikiza mwenzetu hadi baraza la kata kwa ajili ya kibanja chake, shamba lake la migomba. Waliojitokeza walikuwa wachache kuliko waliokuja msibani kupika.

Kamati inaleta mapendekezo mawili. Kwanza, kipindi chetu cha Jumapili kihamie alasiri, ili asubuhi tubaki na watoto wetu kwa zamu, na mabinti wa kazi waende ibada ya kwanza. Pili, kila mwanachama mwenye msaidizi wa ndani aandikiane naye mkataba. Mwanachama wetu mwalimu amekubali kusaidia kuuandika kwa lugha rahisi. Anayedaiwa mshahara wa nyuma asingoje mkataba.

Mapendekezo hayo yako ajenda namba nne. Najua la kwanza lina wapinzani, nao waseme hapa ukumbini, si njiani. Karibu mweka hazina.