Bin ami, unaniuliza naona nini kwa bata

Bin ami, asalaam aleikum.

Juzi umetuma ujumbe wa sauti ukicheka mpaka ukapaliwa: mtu mzima, ndevu zimemjaa, bado anacheza gemu ya bata! Ungenicheka faraghani ningenyamaza. Lakini uliutuma kwenye grupu la ukoo, shangazi wote wakasikia, kwa hivyo nami nakujibu mbele za watu.

Gemu ni Kingdom Hearts na bata ni Donald. Wewe ndiye uliyenionyesha. Umesahau kile chumba cha mtaa wa Langoni, kwetu Lamu, PlayStation 2 moja na TV ya kisogo? Wenzetu wakigombania zamu ya mpira, wewe ukaichomoa hii kwenye rundo la CD kwa kupenda picha yake tu.

Memori kadi, ile ya kuhifadhi ulipofikia, haikuwapo. Mwenye chumba alisema imeungua, na kila tukiuliza imeungua tena. Basi kila Ijumaa baada ya swala tulianza upya pale pale: Sora, kijana unayemchezesha, yuko kisiwani na upanga wake wa mti, rafiki yake Riku anataka waunde chelezo, waondoke wakaone ng'ambo kuna nini. Kairi, rafiki yao wa kike, anatutuma magogo mawili, kitambaa, kamba. Kesho yake yai la shakwe, uyoga, samaki watatu, nazi mbili. Wewe unaupiga mnazi, zinaanguka za kijani, Kairi hazihesabu. Anataka za manjano. Ulitupa mkono juu ukasema, "Mtoto wa kisiwani gani huyu, anakataa dafu!" Chumba kizima kilicheka. Usiku wa dhoruba ukikaribia, pesa zetu zimekwisha.

Kwa hivyo kwetu sisi gemu ilikuwa kisiwa tu. Wale watoto wanakaa kisiwa kikubwa, wanapiga kasia kwenda kidogo kucheza, kama sisi na kisiwa cha Manda. Kuondoka hatukuwahi kuondoka.

Kisha asubuhi moja, mimi niko chuoni, wewe ukapanda boti ya Mokowe, kule bara, na lile sanduku la ami. Nilipata habari adhuhuri, kwa muuza mahamri.

Haya, bata. Gemu ilitoka mwaka 2002, Square, watengeneza gemu wa Japani, na Disney wameshirikiana, muongozaji Tetsuya Nomura. Husimuliwa kwamba wazo lilianzia kwenye lifti, kwa kuwa ofisi zao kule Japani zilikuwa jengo moja. Ukisimuliwa tu unaona kichekesho: Donald na Goofy wanamtafuta mfalme wao Mickey, na Cloud wa Final Fantasy VII, gemu nyingine ya Square, mwenye upanga mpana kama mlango wa mtaa wetu wa Mkomani, unamkuta Olympus kwa Hercules. Raha yake ni kwamba humo ndani hakuna anayeshangaa. Kila mtu ana shida yake na anaichukulia kwa uzito. Hata Agrabah, mji wa Aladdin, naiona kama mtaani, ila wamesahau punda.

Na kupigana kwake! Kona ya chini kushoto kuna orodha: piga, uchawi, vitu. Kidole kinachagua dawa huku miguu haisimami, adui wako nyuma, na Donald, ambaye kazi yake ni kukutibu, anakumbuka ukishaanguka. Nimemtukana yule bata kwa Kiamu kisichoandikika hapa.

Nilinunua mkusanyo wa PlayStation 4, ule uliotoka 2017, kwa mkono wa pili. Nikapita dhoruba. Na unajua Riku kafanya nini? Kaondoka kwanza. Wanakutana tena mbali, kwenye ngome ya Hollow Bastion, Riku ananyoosha mkono na ule upanga wa ufunguo, silaha aliyokuwa nayo Sora tangu dhoruba, unamwendea yeye. Donald na Goofy wana amri ya mfalme: fuateni ufunguo. Wanamfuata Riku. Sora anabaki na nini? Na upanga wa mti, ule ule wa kisiwani, ule uliokuwa ukipigia mnazi. Anaingia nao ngomeni. Hauui mtu, unagonga tu, ko, ko. Riku anapomrushia uchawi, Goofy ndiye anayegeuka na ngao yake, amri ya mfalme akaiacha pale. Bata anafuata, kwa kuchelewa kama kawaida.

Stima zilikatika pale pale. Nilikaa gizani na kidude mkononi, mama akauliza dirishani kwani nalia. Nikamwambia ni mafua. Grupu la ukoo sasa linajua.

Maulidi unakuja, najua, ami kashasema. Gemu yangu nimeihifadhi, iko mwisho mwisho huko. Yako nimekuanzishia mpya, kisiwani, siku ya pili. Magogo nimeshaokota. Nazi nimekuachia, na ni za manjano.