Risala ya Wazazi na Walezi wa Kitengo cha Usonji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu; Mwalimu Mkuu; walimu wetu; wazazi wenzetu, pamoja nanyi watoto wetu,

Tunakushukuru kwa kuja kuadhimisha nasi Siku ya Usonji Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2007 iwe kila tarehe 2 Aprili. Kikundi chetu ni cha wazazi wa watoto wenye usonji, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtoto awasiliane na kuhusiana na wengine kwa namna tofauti, na wamo pia ambao watoto wao wana shida ya umakini na utulivu.

Mheshimiwa, yupo mtoto kitengoni hapa ambaye kengele ya mapumziko ikigongwa aliziba masikio, akajibana chini ya dawati na kujing'ata mkono. Mwalimu wake alimchorea kadi za picha: darasa, kunawa mikono, uji, kucheza. Kila asubuhi wanazipanga ukutani wawili hao, na kengele ikikaribia, mwalimu anamgusia kadi inayofuata na kumsogeza mbali na mlango. Siku hizi ndiye anayewahimiza wenzake wakanawe. Hakuchapwa wala hakupelekwa kwa mganga. Huu ndio msaada wa kisaikolojia ambao watoto wetu wanauhitaji, na walimu wetu wanautoa bila mtaalamu hata mmoja wa kuwaongoza.

Akirudi nyumbani, mtoto huyo anamkuta mama aliyechoka. Mtoto akipiga kelele kwenye daladala, abiria wanamwambia mama amtie adabu. Ukweni wanasema amelogwa, au mama alivunja mwiko. Lawama hizi hata wasomi waliwahi kuzitoa: Marekani, katika miaka ya 1950, walikuwepo mabingwa waliofundisha kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu kuipinga hoja hiyo na kueleza kuwa chanzo kimo katika ubongo. Miaka 60 na ushei imepita, na mtaani kwetu mama bado anahukumiwa. Wapo wenzetu walioacha kwenda harusini na hata msibani. Wapo waliokimbiwa na waume zao. Wengine wana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, wala hawajui kwamba inatibika. Na kaka na dada wa watoto hawa wanataniwa shuleni, wanakaa kimya ili wasituongezee mzigo.

Wanaobalehe ndio wanaotunyima usingizi zaidi. Binti havumilii taulo ya kike mwilini, anaivua popote alipo. Kijana aliyezoea kukumbatia kila anayemfahamu sasa ana kimo cha mtu mzima, na mtaa unamwita mhuni. Hawa wanahitaji kufundishwa kuhusu miili yao na kukataa kushikwa, kwa picha na kwa kurudiarudia. Wana huzuni zao pia. Kijana anajua kabisa kwamba hana rafiki, ila hana maneno ya kulisema hilo.

Mheshimiwa, ombi letu kubwa ni mafunzo ya walezi. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Mwendeshaji si lazima awe daktari bingwa, anahitaji kufunzwa na kusimamiwa vizuri. Tunaomba halmashauri imwandae afisa ustawi wa jamii mmoja na mwalimu mmoja wa kitengo kwa kazi hiyo. Darasa lipo, na chai ya vikao tutachangishana wenyewe.

Kwa wanaobalehe na kwa wazazi waliolemewa, tunaomba mtaalamu wa afya ya akili kutoka hospitali ya wilaya afike hapa shuleni mara moja kwa mwezi. Kumsafirisha mtoto anayeogopa kelele kwa daladala mbili, kisha akae foleni tangu alfajiri, kumewafanya wengi wetu tuache kliniki. Tungefurahi kama ungetutajia leo tarehe ya kikao cha kwanza na mganga mkuu wa wilaya. Wawakilishi wetu wako tayari kuja ofisini kwako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.